JE, WAJUA JUBA?

 

Mwezi huu ukurasa wetu wa Je, Wajua? umefunga safari. Sababu yake ni hii. Muhula uliopita tuliwapa watoto wa darasa la sita zoezi dogo: andika mambo matatu unayoyajua kuhusu Juba. Wengi waliandika vita. Wengine wakaandika vita, njaa na jua kali. Msichana mmoja aliandika hivi: "Mimi sijui. Nilizaliwa hapa. Mama akitajiwa Juba ananyamaza, kwa hiyo siulizi." Tulizisoma zile karatasi ofisini na hakuna aliyecheka. Hawa ni watoto ambao siku moja wazazi wao watakaa chini na kuamua: turudi, tubaki, au tuende mbele. Na mtoto ataulizwa maoni yake kuhusu mahali ambapo kichwani mwake kuna bunduki tu. Mama mmoja wa kamati ya wazazi naye akatubana: "Walimu, mnawafundisha watoto piramidi za Misri, na Juba iliyo kwenye mto huohuo hamuifundishi. Kwa nini?" Ukweli ni kwamba kwenye vitabu vyetu vya shule Juba ina mistari miwili mitatu, basi.

Kwa hiyo likizo ilipofika, watatu kati yetu tulichanga nauli tukaenda. Mmoja kwao ni Equatoria, mmoja ni mzaliwa wa Bunia, na mmoja ni Mnubi aliyekulia Kibera, Nairobi, akaja huku na wazazi wake baada ya fujo za uchaguzi wa Kenya za mwaka 2007 na 2008. Mkumbukeni huyu wa Kibera, maana ndiye aliyetufaa kuliko ramani. Tuseme mapema kwamba hatuandiki kumwambia mtu arudi au asirudi. Hilo ni la kila familia. Sisi tumeleta mambo ambayo mtoto anaweza kuweka kichwani pamoja na hayo mengine anayoyajua.

SAA INARUDI NYUMA

Tulipandia basi Bweyale usiku. Alfajiri tukawa Elegu, mpakani, tumezungukwa na malori ya saruji, unga na bia. Ukivuka tu kuingia Nimule, mambo mawili yanageuka. La kwanza ni upande wa barabara. Uganda, Kenya na Tanzania magari yanapita kushoto, Sudan Kusini yanapita kulia kama Kongo. Dereva wetu alihama upande bila kusema neno, na sisi tuliokuwa mbele tukashika viti.

La pili ni saa. Tangu tarehe 1 Februari 2021 Sudan Kusini imerudisha saa zake nyuma kwa saa moja. Ikiwa Elegu ni saa mbili asubuhi, Nimule ni saa moja. Kwa hiyo ukiwa Juba saa yako inalingana na ya Kigali, Bujumbura na Lubumbashi, wala hailingani na Nairobi wala Kampala. Mwenzetu wa Bunia alifurahi sana: "Hii ndiyo saa ya kwetu!" Wengi wenu mna ndugu Juba mnaowapigia simu, na mnashangaa kwa nini hawajaamka. Sasa mmejua.

Kutoka Nimule mpaka Juba ni kilomita 192 za lami. Barabara hii ilimalizika mwaka 2012, mwaka mmoja baada ya uhuru, nayo ndiyo ilikuwa ya kwanza ya masafa marefu kuwekewa lami katika nchi nzima. Na hapo Nimule mto nao unabadilika jina. Uganda tunauita Nile ya Albert, ukivuka unaitwa Bahr el Jebel, yaani mto wa mlima. Kati ya Nimule na Juba maji yanapita kwenye mawe na miporomoko, meli haiwezi kupanda. Ila kuanzia Juba kwenda chini mto unatulia, na matishari yanaweza kwenda mpaka Kosti, Sudan, zaidi ya kilomita 1,400. Shikeni hilo la mawe, kwa sababu ndilo lililozaa Juba. Kila mtu aliyekuja kwa maji kutoka kaskazini alifika sehemu hiyo akakwama.

"MOYO BARIDI"

Mitaa ya Juba inaitwa hai. Kuna Hai Malakal, Hai Jalaba, Hai Cinema. Kwetu sisi wa Kiswahili hai ni kilicho na uhai, basi mwenzetu wa Bunia akauliza kama hiyo sinema bado iko hai. Mzee mmoja aliyekuwa ameketi karibu alicheka mpaka akakohoa. Alituambia kwa Kiswahili kizuri tu, alichojifunzia Uganda alipokuwa mkimbizi kijana katika vita vya kwanza, kwamba mtaa ulipewa jina kwa sababu ya jumba la sinema, na yeye alikuwa akiangalia filamu za Kihindi. "Wanangu, kama mnaandikia watoto, andikeni na hilo. Tuliangalia filamu za Kihindi, tukatoka tunaimba." Tumeandika, mzee.

Sasa soko la Konyokonyo. Jua lilikuwa limetuchoma, mara tukasikia kijana anapita akinadi: "Moyo barid! Moyo barid!" Sisi wawili tukatazamana. Nani anauza moyo, tena baridi? Mwenzetu wa Kibera alikuwa ameshatoa hela. Kwa Kiarabu cha Juba moyo ni maji. Kijana alikuwa anauza maji baridi.

Na hapa ndipo tulipopata jambo la kwanza kubwa. Huyu mwenzetu hajawahi kufika Juba maishani mwake, wala baba yake. Lakini alianza kuongea na mama wa samaki kwa Kinubi cha nyumbani kwao Kibera, na yule mama akamjibu, bei ikashuka, wengine wakaja kusikiliza. Mimi ni ana, wewe ni ita, mbili ni tinen, vilevile. Mama mmoja alimwambia anaongea kama bibi yake. Alitaka kujua: "Mtoto huyu wa wapi?" Akiambiwa Nairobi, anakataa.

Historia yake ni hii. Katika miaka ya 1870 na 1880 sehemu hizi zilikuwa jimbo la Equatoria chini ya Misri. Liwali wake kuanzia mwaka 1878 aliitwa Emin Pasha. Huyu hakuwa Mmisri. Alikuwa daktari Mjerumani wa ukoo wa Kiyahudi, jina lake la kuzaliwa Eduard Schnitzer, na makao yake yalikuwa Lado, kaskazini kidogo ya Juba ya leo. Askari wake walikuwa watu wa kabila nyingi za Sudan, na lugha iliyowaunganisha kambini ilikuwa Kiarabu kilichorahisishwa. Mwaka 1885 wafuasi wa Mahdi waliiteka Khartoum, na Emin na watu wake wakakatika na dunia. Stanley alitumwa kumwokoa, akapita njia ndefu ya msitu wa Kongo, mwishowe wakatoka wote mpaka Bagamoyo mwezi Desemba 1889. Usiku wa karamu ya kuwapokea, Emin, ambaye alikuwa haoni vizuri, alianguka kutoka dirisha la ghorofani akaumia kichwa. Kupita nchi zote zile salama, halafu ukaangushwa na dirisha la Bagamoyo!

Lakini askari wengi hawakwenda pwani. Walibaki karibu na Ziwa Albert na familia zao chini ya mkubwa wao Selim Bey, mpaka mwaka 1891 Kapteni Lugard alipokuja akawachukua Uganda kuwa jeshi lake. Wajukuu wao ndio Wanubi wa Bombo, na wengine ni Wanubi wa Nairobi, waliopewa kukaa msituni nje ya mji. Kwa Kinubi msitu ni kibra, na hapo ndipo jina Kibera lilipotoka. Kwa hiyo lugha ya soko la Juba na lugha ya wazee wa Kibera ni ndugu wa tumbo moja walioachana zaidi ya miaka 130, na siku ile pale Konyokonyo walikutana kwenye bei ya samaki.

WAUNGWANA WA ZANZIBAR WALIFIKA HAPA

Ng'ambo ya mto, upande wa mashariki, kuna mahali panaitwa Gondokoro. Leo ni mashamba, mboga nyingi za sokoni zinatoka huko. Ila miaka ya 1850 na 1860 jina la Gondokoro lilijulikana Ulaya kabla ya Nairobi kuwako. Meli ya Misri ilifika sehemu hizi mwaka 1841. Wamisionari Wakatoliki kutoka Austria wakajenga huko, wengi wakafa kwa homa. Wafanyabiashara wa pembe na watumwa wakafuata, na ndio walioharibu nchi ya Wabari. Hilo nalo watoto walijue.

Mwezi Februari 1863 walitokea Gondokoro watu waliochoka, wametembea kutoka kusini. Vitabu vinasema hao walikuwa Speke na Grant, Waingereza waliokwenda kutafuta chanzo cha Nile. Ni kweli. Lakini hawakuwa peke yao. Walikuwa wameanza safari Zanzibar mwaka 1860 na msafara wa waungwana na wapagazi, na mkubwa wa waliobaki alikuwa Sidi Mubarak Bombay. Bombay alikuwa Myao. Alitekwa angali mtoto, akauzwa, akapelekwa India, akapata uhuru wake na kurudi Zanzibar. Alizungumza Kiswahili na Kihindustani, ndiyo maana Speke, aliyetoka jeshi la India, alielewana naye. Kwa hiyo kama kuna mtu atakwambia Kiswahili kimefika Juba juzi na malori ya Mombasa, mwambie kilifika kwa miguu mwaka 1863. Bombay na wenzake waliendelea mpaka Cairo, wakarudishwa kwao kwa meli, halafu yeye hakutulia: mwaka 1871 alikuwa na Stanley kumtafuta Livingstone, kisha akavuka Afrika nzima na Cameron mpaka bahari ya magharibi.

Aliyewapokea Gondokoro alikuwa Samuel Baker, naye alikuwa na mke wake Florence. Huyu mama ana habari yake. Alikuwa yatima wa vita vya Hungary vya mwaka 1848, na Baker alimkuta mwaka 1859 kwenye mnada wa watumwa huko Vidin, Bulgaria. Mkimbizi mzungu aliyenunuliwa sokoni! Watoto wa darasa la sita walipoambiwa walikataa kabisa kuamini, kwa kuwa walidhani ukimbizi na utumwa ni vitu vya Mwafrika tu. Baadaye Florence alirudi na mumewe Gondokoro, na Malkia Victoria wa Uingereza alikataa kumpokea kwake.

Kuna jambo jingine dogo la pwani. Gordon, aliyekuja kutawala Equatoria mwaka 1874, aliona njia ya Nile ni ndefu na ya taabu, akamshauri mtawala wa Misri afungue njia ya kutokea Bahari ya Hindi. Mwaka 1875 meli za Misri zikaenda kuteka Barawa na Kismayu, kuelekea mto Juba wa Somalia. Sultani Barghash wa Zanzibar akalalamika kwa Waingereza, na Wamisri wakafungasha wakaondoka. Ule mto wa Somalia na mji wetu huu havina undugu ila jina.

MJI UNAOHAMA

Tulipoanza kupanga tarehe kwenye daftari tuliona kitu cha kuchekesha kidogo. Makao makuu ya sehemu hizi hayajawahi kutulia. Mwaka 1871 Baker aliifanya Gondokoro makao, akaipa jina Ismailia. Mwaka 1874 Gordon akahamia Lado kwa sababu ya homa. Upande wa magharibi wa mto, pamoja na Lado na Rejaf, ukakodishwa kwa Mfalme Leopold wa Ubelgiji mwaka 1894, ukawa chini ya watu wa Kongo hadi ulipurudishwa Sudan mwaka 1910 baada ya Leopold kufa. (Mwenzetu wa Bunia alitaka tuvuke daraja kwa heshima yake, tukamkatalia.) Waingereza wakaweka makao Mongalla. Ndipo miaka ya 1920 wakachagua kijiji cha Wabari kilichoitwa Juba. Wabari wakaambiwa wahame kupisha mji. Wafanyabiashara wa Rejaf, wengi wao Wagiriki, wakahamia mwaka 1929, na ofisi ya gavana ikafika mwaka 1930. Mtaa wa Wagiriki wa zamani, wenye majengo ya mawe, upo mpaka leo.

Na hata baada ya uhuru wa tarehe 9 Julai 2011, haikupita miezi mitatu serikali ikaamua kwamba makao makuu yahamie Ramciel, katikati ya nchi. Uamuzi ule haujatekelezwa, serikali ingali Juba.

Chuo Kikuu cha Juba nacho kina historia ya kukimbia. Kilianzishwa mwaka 1975 na wanafunzi wa kwanza wakaingia mwaka 1977. Vita vilipozidi, mwaka 1989 chuo kizima kilihamishiwa Khartoum, walimu, wanafunzi na jina lake. Kikaishi huko kama wakimbizi wa ndani wanavyoishi, kwenye majengo ya kuazima, na hakikuanza kurudi ila baada ya mkataba wa amani wa mwaka 2005. Tulisimama getini kwa muda mrefu, kwa sababu mmoja wetu ana cheti chake cha sekondari kwenye bahasha na anafikiria. Chuo hicho ndicho kilichotoa muziki wa wimbo wa taifa: wanafunzi na walimu wake walishinda mashindano ya kuutunga. Wimbo unaitwa "South Sudan Oyee!", na nadhani ni taifa adimu duniani lenye oyee ndani ya jina la wimbo wake. Kila aliyewahi kukaa kwenye mkutano wa hadhara Afrika Mashariki anajua namna ya kuitikia.

Juu ya lugha, tuwape wazazi hili kwa sababu mnabishana sana kuhusu watoto wasome kwa lugha gani. Mwezi Aprili 1928 wamisionari, maofisa na wataalamu walikutana Rejaf, kusini kidogo ya Juba, penye kile kilima kilichochongoka kama kofia. Waliamua watoto wa Sudan ya kusini waanze shule kwa lugha za makundi makubwa, zikiwemo Kibari, Kidinka, Kinuer, Kishiluki, Kilotuko na Kizande. Miezi miwili baadaye, Juni 1928, mkutano mwingine ukafanyika Mombasa, ukachagua Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili sanifu, hiki tunachokiandika hapa. Mwaka mmoja, mikutano miwili, mito miwili ya lugha ikachimbiwa njia. Kule zikachaguliwa nyingi, huku ikachaguliwa moja. Na kote kuwili wazee wenye lugha zao hawakuulizwa sana.

NDEGE ILIYOKWENDA JUBA IKAFIKA KONGO

Hii watoto waliipenda kuliko zote, kwa hiyo tunaisimulia yote.

Miaka ya 1930 abiria kutoka Afrika Kusini kwenda Uingereza walisafiri kwa ndege kubwa za kutua majini. Zilikuwa na tumbo kama la mashua, zinatua ziwani au mtoni, watu wanakula, ndege inajazwa mafuta, wanaendelea. Juba ilikuwa mojawapo ya vituo vya njia hiyo. Tarehe 14 Machi 1939 ndege moja iitwayo Corsair iliruka kutoka Port Bell, Ziwa Victoria, kuelekea Juba. Rubani wake alikuwa Kapteni Alcock, ndugu wa yule Alcock aliyevuka bahari ya Atlantiki kwa ndege mwaka 1919 bila kutua. Chombo cha kuonyesha mwelekeo kilikuwa na hitilafu. Walipotazama chini, Nile haipo. Mafuta yanakwisha. Rubani akaona mto mwembamba, akashusha ndege.

Ule mto ulikuwa Dungu, karibu na Faradje, Kongo ya Wabelgiji. Ndege iligonga mwamba ikapasuka tumbo, lakini watu wote walitoka wazima. Mafundi wakaja kutoka Uingereza kuitengeneza palepale porini, na kazi ya mikono ikafanywa na watu wa huko. Mwezi Julai walijaribu kuirusha, ikagonga jiwe tena, ikazama. Wakaanza upya. Safari hii wakajenga ukuta kuzuia mto ili maji yajae yawe kama ziwa dogo, na mwezi Januari 1940, miezi kumi baada ya kupotea, Corsair ikaruka ikaondoka. Vita vya pili vya dunia vilikuwa vimeanza na wao wako msituni wanashona ndege.

Mwanafunzi mmoja, Mkongo, alisimama akasema: "Mwalimu, basi na wao walikuwa wakimbizi Faradje." Hatukuwa na la kuongeza.

WANYAMA KULIKO SERENGETI

Mmesikia kuhusu nyumbu wa Serengeti na Masai Mara. Wanakaribia milioni moja na nusu, na dunia nzima inakuja kuwapiga picha. Sasa sikilizeni. Mashariki ya Juba, si mbali na mto, inaanza mbuga ya Badingilo, na mbele yake iko Boma karibu na Ethiopia. Mwaka 2023 wataalamu walipita juu kwa ndege wakihesabu, na mwezi Juni 2024 matokeo yakatangazwa: swala wanaohama huko ni kama milioni sita. Karibu milioni tano ni wale kobu wenye masikio meupe, halafu kuna swala wa Mongalla, kuna tiang ambao ni jamaa wa nyamera, na kuna tohe. Hakuna mahali pengine duniani ambapo mamalia wengi kiasi hicho wanahama kwa miguu pamoja. Na wamehama hivyo miaka yote ya vita, watu wakidhani wamekwisha. Hesabu ya mwaka 2007 ilipata milioni moja na laki tatu, na hata hiyo ilishangaza watu.

Sisi hatukuwaona. Nauli yetu ilikuwa ya basi, si ya ndege. Na habari si nzuri yote: wanyama wasiohama, kama twiga, nyati na punda milia, wamepungua vibaya tangu miaka ya 1980, na biashara ya nyama ya porini kwa pikipiki inaongezeka.

Kaskazini zaidi kuna kinamasi cha Sudd. Neno hilo ni la Kiarabu, maana yake kizuizi, na jina limestahili: karibu nusu ya maji yanayoingia humo yanapotea kwa jua kabla ya kutoka upande wa pili. Karibu miaka elfu mbili iliyopita mfalme Nero wa Roma alituma askari wapande Nile kutafuta chanzo, nao wakarudi wakisema wamefika kwenye matope na majani yasiyopitika. Magharibi nako, nchi ya Wazande, alipatikana popo mwenye mistari meupe na meusi, na mwaka 2013 wataalamu walimpa kundi lake jipya kwa jina la Kizande, Niumbaha, maana yake wa nadra. Ni jambo zuri mtoto wa Yambio akijua kwamba neno la bibi yake liko kwenye vitabu vya sayansi vya dunia.

WIMBO USIO WAO

Vijana wa uwanjani wangetugomea tusipotaja mpira wa kikapu. Luol Deng alizaliwa Wau, familia ikakimbilia Misri, na huko ndiko walikokutana na Manute Bol, yule mrefu wa mita 2.31 aliyeanza kucheza ligi kuu ya Marekani mwaka 1985. Deng naye akawa nyota huko, halafu akarudi kuongoza chama cha mpira wa kikapu cha nchi ambayo haikuwa na hata ukumbi mmoja wa ndani wa mchezo huo. Tarehe 20 Julai 2024, London, Sudan Kusini ilikosa kuifunga Marekani kwa pointi moja tu, 101 kwa 100. Siku nane baadaye, kwenye Olimpiki ya Ufaransa, wachezaji walisimama wakisubiri wimbo wao, ukapigwa wa Sudan. Wakasimama kimya, mikono kifuani, mpaka ukasimamishwa ukapigwa ulio wao. Kisha wakaifunga Puerto Rico 90 kwa 79. Wengi wa wale vijana walizaliwa au kukulia ukimbizini.

Na la mwisho, kwa wale wa kikundi cha maigizo. Mwezi Mei 2012 kundi la waigizaji wa Sudan Kusini lilikwenda London kucheza tamthilia ya Shakespeare, Cymbeline, kwenye jukwaa la Globe, kwa Kiarabu cha Juba. Ndiyo, kile cha moyo barid. Lilikuwa tamasha la tamthilia 37 kwa lugha 37, na kundi kutoka Nairobi lilicheza nyingine kwa Kiswahili.

KAZI YA WATOTO MWEZI HUU

Muulize mtu mzima wa nyumbani au jirani maswali haya matatu. Ulipokuwa na umri wangu, mlikuwa mnacheza wapi? Sokoni kwenu watu waliongea lugha gani, na maji mliyaitaje? Mlivuka mto kwa nini, kwa mtumbwi, kwa pantoni au kwa daraja? (Juba haikuwa na daraja mpaka miaka ya 1970. La pili, lenye urefu wa mita 560, lilifunguliwa mwaka 2022 kwa msaada wa Japani.) Watoto wa Kongo, Kenya, Burundi na kwingine waulize kuhusu kwao, si lazima Juba. Kama mama ananyamaza, usimlazimishe, nenda kwa bibi.

Andika majibu kwa lugha yoyote, karatasi ya daftari inatosha. Leteni ofisi ya walimu, chumba cha pili baada ya bomba la maji, kabla ya Ijumaa ya mwisho wa mwezi. Asiyejua kuandika aje aseme, sisi tutaandika.